Hongo: Malipo ya Njia, Upatanisho na Rushwa katika Historia ya Ugogo na Lugha za Jirani

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya neno hongo, ambalo katika karne ya 19 lilitaja malipo ya wazi yaliyotolewa na misafara kwa watemi wa Ugogo, na ambalo katika Kiswahili cha leo linataja rushwa. Kwa kulinganisha neno hilo na ndugu zake katika lugha nyingine za Kibantu, na kwa kulifuatilia katika maandishi ya wasafiri, kamusi na sheria, makala inaonesha kwamba kiini cha maana yake hakikubadilika sana: ni kutoa kitu ili kupata ridhaa ya mwenye uwezo wa kukataa. Kilichobadilika ni jibu la swali la nani ana haki ya kutoa ridhaa hiyo. Makala inahitimisha kwamba kusoma vyanzo vya karne ya 19 kwa maana ya leo kunawahukumu watemi wa Ugogo kwa sheria ambayo haikuwapo.

1.0 Utangulizi

Msalato iko kaskazini mwa katikati ya jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa, Babati na Arusha. Ni mahali pa kupita. Mabasi na malori ya kaskazini hupitia hapo, na hapohapo unajengwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Katika eneo hilo Kigogo husikika pamoja na Kiswahili, na barabara hiyo huelekea katika nchi za Warangi, Wasandawe na Waburunge, ambao lugha zao hazitoki katika jamii moja. Abiria wa ndege nchini Tanzania hulipa tozo ya huduma ndani ya nauli yake. Hulipa bila kuona haya, kwa kuwa malipo hayo yana jina la heshima, yana kiwango, na mpokeaji wake anajulikana.

Katika karne ya 19, msafiri aliyekatiza uwanda huu alilipa pia. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kusini mwa Msalato ya leo, katika nchi ambazo majina yake yangali katika ramani, kama Mvumi na Bihawana. Malipo hayo yaliitwa hongo. Yalijadiliwa mchana, mbele ya watu, na mpokeaji wake alikuwa mtemi. Leo neno hilohilo likitajwa ofisini, barabarani au mahakamani, linataja kosa la jinai.

Tofauti hiyo imezoeleka kuelezwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza huona kwamba neno limeharibika pamoja na maadili ya jamii. Namna ya pili huona kwamba hongo ilikuwa rushwa tangu mwanzo, na kwamba watemi walikuwa wanyang'anyi wa njiani. Makala hii inapinga maelezo yote mawili. Hoja yake ni kwamba historia ya neno hongo ni historia ya mamlaka juu ya njia, na kwamba maana yake ilihama pale mamlaka hayo yalipohama.

2.0 Umbo la neno na ndugu zake

Kabla ya kufuatilia maana, inafaa kuthibitisha ni maneno gani yana asili moja. Isimu ya kihistoria haikubali kufanana kwa masikio. Katika Kihispania, hongo ni uyoga, na herufi yake ya kwanza haitamkwi. Neno hilo linatokana na Kilatini. Katika jiji la Tokyo, Hongo ni jina la mtaa ulio karibu na chuo kikuu. Maumbo hayo yameangukiana kwa bahati tu na hayahusiani na neno linalojadiliwa hapa.

Hata ndani ya Tanzania tahadhari hiyo inahitajika. Katika masimulizi ya Vita vya Maji Maji, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe anaelezwa kuwa alishikwa na pepo aitwaye Hongo, na wajumbe waliosambaza maji katika nchi za kusini mwaka 1905 wakajulikana pia kwa jina hilo. Inavutia kuunganisha pepo huyo na malipo ya misafara, lakini mvuto si ushahidi. Uhusiano wa maneno huthibitishwa kwa ulinganifu wa sauti unaojirudia na kwa mnyororo wa maana unaoweza kufuatwa hatua kwa hatua. Kwa kigezo hicho, Hongo ya Ngarambe inawekwa kando.

Ndugu wa kweli wa neno hili wanapatikana kwa kuangalia konsonanti ya mwanzo. Mahali ambapo Kiswahili kina p, lugha kadhaa za bara zina h. Kiswahili husema kupa, Kinyarwanda husema guha; Kiswahili husema kupita, Kinyarwanda kina guhita. Katika Kisukuma, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kinyamwezi, mhola, neno la salamu lenye maana ya uzima na amani, linalandana na pole na poa za Kiswahili. Kwa kanuni hiyo, mzizi unaotoa honga katika lugha za bara ungetarajiwa kutoa ponga katika Kiswahili cha pwani. Umbo la Kiswahili lina h. Hiyo ni dalili kwamba neno halikushuka moja kwa moja ndani ya Kiswahili, bali lilipokewa kutoka lugha ya bara.

Dalili ya pili iko katika neno hongera. Kitenzi cha Kiswahili katika kauli ya kutendea hupoteza konsonanti iliyokuwapo zamani: soma huwa somea, na honga ingekuwa hongea. Hongera imehifadhi konsonanti hiyo, na kwa hiyo inaonekana kutoka katika lugha zilizoihifadhi. Kwa umbo, hongera ni kumhonga mtu kwa ajili ya jambo fulani. Kwa matumizi, ni neno la furaha apewalo aliyejifungua, aliyefaulu mtihani au aliyefunga ndoa. Mzungumzaji wa leo hutamka hongera na hongo bila kuhisi kwamba ni watoto wa mama mmoja.

Dalili ya tatu, iliyo na uzito zaidi, iko magharibi. Katika Kinyarwanda na Kirundi, nomino impongano imetokana na mzizi uleule. H hugeuka p inapotanguliwa na sauti ya puani, na hivyo umbo la kale linajitokeza tena. Biblia ya Kinyarwanda inatumia impongano pale ambapo Biblia ya Kiswahili inatumia kipatanisho, yaani kile kinachotolewa ili dhambi iondolewe na amani irudi kati ya Mungu na mwanadamu. Kitenzi guhongerera hutaja tendo la kufanya upatanisho huo. Kwa hiyo mzizi mmoja umezaa neno la madhabahuni katika lugha moja, neno la pongezi na neno la jinai katika lugha nyingine.

Maana hizi zinaonekana kupingana, lakini zina kiini cha pamoja. Katika zote, mtu hutoa kitu mbele ya mwenye uwezo wa kuzuia jambo, ili uwezo huo usigeuke kuwa kizuizi au ghadhabu. Anayepewa ni Mungu, au mwenye nchi, au mwenye ofisi. Mzizi wenyewe hautamki kama utoaji huo ni halali au haramu. Hukumu hutoka nje ya neno, katika mpangilio wa mamlaka wa jamii inayolitumia.

3.0 Hongo katika njia ya Ugogo

Ugogo ni nchi kavu. Wastani wa mvua hauzidi sana milimita 600 kwa mwaka, na kati ya Mei na Novemba mvua hukosekana karibu kabisa. Misafara ilipendelea kusafiri wakati wa kiangazi, yaani wakati ambapo maji ni machache kuliko wakati wowote. Upande wa mashariki ilikabili nyika ya Marenga Mkali, iliyopata jina kwa maji yake ya chumvi. Upande wa magharibi ilikabili pori la Mgunda Mkali. Kati ya nyika hizo mbili, Ugogo ilikuwa mahali pa kupata visima, mtama na mifugo. Msafara wa mamia ya watu haukuwa mgeni wa kupewa kata moja ya maji. Ulikuwa mji unaotembea, ulioweza kukausha kisima cha kijiji kwa siku chache.

Mpangilio wa kisiasa wa Wagogo unaeleza kwa nini hongo ililipwa mara nyingi. Peter Rigby, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1969, alionesha kwamba kitengo cha msingi kilikuwa yisi, neno linalolandana na nchi la Kiswahili. Kila yisi ilikuwa na mtemi wake, ambaye kazi yake ya kwanza haikuwa kuamuru majeshi bali kutunza mvua, rutuba na afya ya nchi kwa njia ya matambiko. Hapakuwa na mfalme mmoja wa Ugogo ambaye angeweza kulipwa mara moja kwa niaba ya wote. Aliyevuka mpaka wa yisi aliingia chini ya ulinzi mwingine, na kwa hiyo alianza mazungumzo upya. Msafiri mgeni aliona watu walewale wakimtoza mara saba. Mwenyeji aliona nchi saba.

Malipo yalitolewa kwa nguo, shanga na waya. Nguo ilihesabiwa kwa shuka na doti, doti moja ikiwa shuka mbili, au yadi 4. Merikani, kitambaa cheupe kisichopaushwa kilichobeba jina la Marekani, na kaniki, iliyotiwa rangi ya nili, zilikuwa miongoni mwa zilizotakiwa sana. Misafara ya Wanyamwezi, iliyokuwa na undugu na utani katika njia hiyo, haikutozwa sawa na ile ya wafanyabiashara wa pwani, na majembe ya chuma yalikuwa sehemu ya bidhaa zake. Kiwango kilitegemea ukubwa wa msafara, aina ya mzigo, historia ya uhusiano na hali ya mwaka. Wajumbe walikwenda na kurudi. Majadiliano yaliweza kuchukua siku kadhaa. Richard Burton na John Hanning Speke walipopita mwaka 1857 walikaa wakisubiri katika nchi ya Kanyenye, iliyokuwa chini ya mtemi Magomba. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 aliungana na wafanyabiashara Waarabu hadi msafara wa pamoja ukafikia takribani watu 400, na akalalamika karibu katika kila kituo.

Malalamiko hayo yasifiche kile kilichonunuliwa. Aliyelipa alipata ruhusa ya kupiga kambi, kuteka maji na kununua chakula, na wakati wa kukaa kwake usalama wake ulikuwa jambo la mtemi. Tofauti yake ilionekana pale ambapo uhusiano wa namna hiyo haukuwapo. Katika safari yake ya pili, Stanley aliiacha njia kuu magharibi mwa Ugogo akaelekea kaskazini-magharibi kwenda Ziwa Viktoria. Njaa na maradhi vilipunguza watu wake, na Januari 1875, huko Vinyata katika nchi ya Wanyaturu, mapigano na wenyeji yaliua zaidi ya watu 20 wa msafara wake. Njia isiyo na hongo haikuwa njia ya bure.

Wahusika wenyewe walijua kwamba hongo ina kanuni, na kanuni hujulikana zaidi zinapovunjwa. Mwaka 1871, Stanley akiwa Unyanyembe, msafara wa Waarabu ulimlipa Mirambo malipo makubwa kisha ukanyimwa njia. Waarabu hawakulalamika kwamba hongo ilidaiwa. Walilalamika kwamba ililipwa na njia haikufunguliwa. Hasira yao inathibitisha kwamba malipo hayo yalichukuliwa kuwa mkataba.

Hata hivyo, haifai kupamba mambo. Watemi wengine walipandisha madai kadiri walivyoona udhaifu wa msafara, na sehemu ya kilichopokelewa ilitokana na biashara ya pembe na ya watumwa. Ukweli huo unahusu namna mamlaka yalivyotumiwa. Haufuti kuwapo kwa mamlaka yenyewe. Serikali inayotoza kodi kubwa kupita kiasi inaweza kulaumiwa kwa dhuluma, lakini kodi yake haiitwi rushwa.

4.0 Tafsiri iliyotangulia bunduki

Waandishi wa Kiingereza wa karne ya 19 walikosa neno moja la kulitafsiri neno hongo. Mara walitumia neno la malipo ya utii kwa mtawala, mara neno la ushuru wa forodha, na mara neno la mali itolewayo kwa kutishwa. Kuyumba huko kulikuwa na matokeo. Ushuru hudaiwa na dola. Mali ya vitisho hudaiwa na mhalifu. Mwandishi aliyechagua neno la pili alikuwa tayari amekwisha kuamua kwamba Ugogo hakuna dola.

Masimulizi ya Waswahili wenyewe yana mizani tofauti. Katika safari zilizosimuliwa kwa Kiswahili na kuchapishwa na Carl Velten mwaka 1901, hongo ni gharama ya njia. Inaweza kuwa nzito na kuchosha, lakini inatajwa pamoja na maji, posho na siku za kupumzika, kama jambo ambalo mwenye msafara hulipangia mzigo kabla hajaondoka pwani. Kwa wasimulizi hao, mwenye nchi kudai haki ya nchi yake si habari ya kushangaza.

Kutoka tafsiri hadi vita hatua ilikuwa fupi. Mwaka 1890, Carl Peters, akirudi kutoka katika safari yake ya kumtafuta Emin Pasha, alipita Ugogo na kukataa kulipa. Katika kitabu alichochapisha mwaka uliofuata alijisifu kwa kuwashambulia watu wa mtemi Makenge, kuchoma vijiji na kuteka ng'ombe. Aliona anakomesha unyang'anyi. Kwa kipimo cha njia, yeye ndiye aliyeingia nchini, akatumia maji, akakataa kulipa na kuondoka na mifugo.

5.0 Kutoka kwa mtemi hadi mezani

Utawala wa Kijerumani haukufuta malipo. Ulihamisha haki ya kuyapokea. Haki ya mtemi ya kutoza wapitao ilikomeshwa, na kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897 ikawataka wenyeji walipe wao kwa dola mpya. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikakosa kazi. Nauli ililipwa dirishani. Kitu kilichoitwa hongo kilitoweka katika njia, lakini neno lilibaki katika vinywa vya watu likitafuta kitu cha kukitaja.

Lilikipata. Dola mpya iliweka mtu mezani: karani, askari, akida. Mtu huyo alikuwa na uwezo wa kuzuia, kama mtemi, lakini uwezo huo haukuwa wake. Ulikuwa wa ofisi. Mwananchi aliyempa kitu ili apite alifanya tendo lenye umbo lilelile la kale, mbele ya mtu asiye na haki ya kupokea. Kwa sababu hakuwa na haki, tendo lilihamia gizani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilishika neno likiwa katikati ya safari hiyo: iliorodhesha malipo ya kupita nchini na pia rushwa. Katika matumizi ya baada ya uhuru, hasa baada ya utemi kufutwa kisheria mwaka 1963, maana ya pili ilishika nafasi yote.

Neno rushwa lina historia tofauti. Lilitoka Kiarabu, na liliingia Kiswahili likiwa limebeba hukumu ya sheria ya Kiislamu inayowalaani mtoaji na mpokeaji. Rushwa haikuwahi kuwa halali. Hongo iliwahi. Pengine ndiyo sababu lugha ya dola ya Tanzania imeelemea zaidi upande wa rushwa: ahadi za wanachama wa TANU ziliitaja hivyo, Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 1996 iliichunguza kwa jina hilo, na chombo kilichoundwa chini ya sheria namba 11 ya mwaka 2007 ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Nchini Kenya, hongo husikika mara kwa mara katika habari na mahakama bila kumbukumbu yoyote ya mtemi.

Mpaka kati ya kipawa na kosa haujatulia hata hivyo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vinakiuka Katiba. Mwaka 2021, tozo ya miamala ya simu ilizua mjadala mkubwa kuhusu haki ya serikali kutoza na kiasi inachoweza kutoza. Katika matukio yote mawili, swali lilikuwa lile la Ugogo: anayepokea anapokea kwa haki ya nani?

6.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba hongo, hongera na impongano ni matawi ya mzizi mmoja, na kwamba maana zao zinatofautiana kwa sababu zinamweka mtoaji mbele ya mamlaka tofauti. Kwa mwanahistoria wa Ugogo, matokeo yake ni ya moja kwa moja. Tafsiri ya Kiswahili cha leo inayoandika kwamba watemi walikula hongo inasomeka kama hati ya mashtaka. Inafaa watafiti na waandishi wa vitabu vya shule waandike hongo ya njia, waeleze maana yake inapotajwa mara ya kwanza, na waepuke kuifasiri kwa rushwa au kuifanya sawa kabisa na ushuru wa forodha.

Kwa mjadala wa rushwa, matokeo yake ni ya aina nyingine. Kuisingizia mila ya Kiafrika kuwa chanzo cha hongo ya mezani hakupati ushahidi katika njia ya misafara. Mtemi alipokea mbele ya watu, kwa nchi aliyopaswa kuitambikia, na aliyelipwa alipaswa kufungua njia. Mpokea hongo wa leo hupokea kwa siri, kwa mlango ambao si wake, na huuza kile ambacho mlipaji alikuwa na haki ya kukipata bila kulipa. Anajifanya mtemi wa nchi asiyoitunza. Neno limebaki lilelile. Mkataba uliokuwa ndani yake ndio uliovunjika.